Kapo Fupi ya Mti wa Mkahawa

Kila kijana anayeingia karakana hii, ambayo zamani ilikuwa yangu na sasa ni ya mwanangu, huinua macho ukutani na kuniuliza swali lile lile: "Bibi, hako kakipande ka mti pale juu ni ka nini?" Nikimwambia ni kapo, kibanio cha nyuzi, anacheka. Anatoa ya kwake mfukoni, ya chuma, yenye springi, inayobana kama koleo, halafu anaitazama yangu kwa huruma. Wengine wamenishauri niitupe. Mmoja aliikadiria kwa macho tu akasema, "Na tena ni fupi, Bibi." Najua ni fupi. Nimeikata mwenyewe. Kaeni niwaeleze, kisha mtaamua wenyewe kama ni ya kutupwa.

Jina langu ni Manka. Nimetengeneza vyombo vya nyuzi hapa Moshi mjini, nyuma ya soko, mpaka macho yangu yalipoanza kuona uzi mmoja kuwa mbili. Kwenye gitaa ningeweza kuendelea hivyo hivyo. Kwenye mandolini haiwezekani, maana kule nyuzi zenyewe tayari ni mbili mbili. Kwa wale mlioiona mandolini kwenye simu tu: ni chombo kidogo, tumbo lake kama parachichi lililokatwa katikati, na kina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne. Kila jozi ni mapacha, lazima waseme sauti moja. Pacha mmoja akipanda kidogo tu, mwenzake hamfuniki, anamuumbua.

Kazi nilifundishwa na Mzee Nderingo, seremala, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Nilikwenda kwake mara ya kwanza kuchukua kitanda nilichoagiziwa na mume wangu, nikamwambia mguu mmoja umepinda. Akainama, akautazama muda mrefu, akasema, "Mafundi wangu watatu hawakuliona hilo. Wewe njoo Jumatatu." Nilidhani ananiita nichukue kitanda kilichorekebishwa. Jumatatu alinipa randa. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na siku ile nilipiga randa hadi mikono ikatoka malengelenge, wala sikurudi nyuma. Nampenda mzee yule hadi leo kwa sababu hakuwahi kuniuliza kama mwanamke anaweza.

Vyombo vya nyuzi vilikuwa kazi yake ya pembeni, na katika vyombo vyote, alivyoviheshimu zaidi ni mandolini sita za akina mama wa usharika mmoja kule Old Moshi. Ziliachwa na muuguzi mmoja mgeni, zamani sana, naye aliwafundisha mama zao. Kiongozi wao alikuwa Mama Aikande. Jamani, nitasema nini juu ya mama huyu nisionekane nasifia? Alikuwa amekatwa na panga mkono wa kushoto akichanja majani ya ng'ombe, na vidole viwili vya mwisho vilibaki vimekauka. Alipiga mandolini kwa vidole viwili. Na kwa vidole hivyo viwili aliwaacha nyuma wote wenye vitano, mimi nikiwemo. Siri yake ni kwamba alipiga nyimbo zikikaa kwenye sauti ya G, yaani ufunguo wa G, ambao kwenye mandolini una nyuzi nyingi zinazolia wazi bila kubanwa. Pale ambapo wewe ungehitaji kidole cha tatu, yeye aliuachia uzi ulie peke yake, akasonga mbele. Nilikuwa nikimtazama nasahau kilichonipeleka.

Sasa, mnajua sisi Walutheri wa mlimani na matarumbeta. Usharika ule nao ulikuwa na kundi la tarumbeta, vijana wenye mapafu, wakiongozwa na Mwalimu Elifuraha. Kwa miaka mingi tarumbeta walipiga nje na mandolini walipiga ndani, na amani ilikuwepo. Mwaka mmoja mchungaji akataka makundi yote mawili yapige pamoja wimbo mmoja siku ya Sikukuu ya Mavuno. Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Tarumbeta zile zilikuwa nyumbani kwenye B-flati, mandolini nyumbani kwenye G. Ilikuwa kama watu wawili wanaombeba ng'ombe, mmoja anapanda, mwingine anashuka.

"Mwalimu, shukeni kwetu," Mama Aikande alisema.

"Mama, nikiwashusha hawa vijana kwenye G watapotea njiani," Mwalimu Elifuraha akajibu. Alisema kwa adabu, lakini alisema. "Sisi hatuwezi kushuka. Ninyi pandeni."

Akina mama wengine watano wangeweza kupanda kwa taabu, kwa kujifunza kubana upya. Mama Aikande asingeweza. Ndani ya B-flati nyuzi za kulia wazi zinakuwa chache mno, na vidole viwili havitoshi. Mchungaji akaamua kama wachungaji wanavyoamua: mavuno yamebakiza wiki tano, wakipatana, watapiga pamoja, wasipopatana, mandolini zipumzike, na chumba chao cha mazoezi wapewe watoto wa shule ya Jumapili. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na watoto wengi na vyumba vichache. Lakini kila mtu alielewa kwamba zikipumzika hazitaamka tena, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumfundisha mwingine isipokuwa mama yule mwenye vidole viwili.

Mama Aikande akashuka mjini, mandolini yake imefungwa ndani ya khanga. Mzee Nderingo hakuwepo, alikwenda Rombo kwenye ubatizo wa mjukuu. Akanikuta mimi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yuko?"

"Amesafiri. Lakini nipo."

Hilo "lakini nipo" limenigharimu. Akanieleza shida. Nikaona jibu hapo hapo, na ninyi vijana mjihadhari sana na jibu linalokuja hapo hapo. Kama mandolini inatakiwa ipande kutoka G hadi B-flati, nikawaza, si nitakaza nyuzi zote zipande? Vidole vitabaki pale pale, sauti itapanda yenyewe. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ni nusu sauti tatu tu.

Nikaanza kukaza. Uzi mwembamba kuliko wote ulikatika ukanichapa shavuni. Alama ndiyo hii, mume wangu alikuwa akisema inanipendeza. Nikaweka mwingine mwembamba zaidi. Nikakaza zote nane mpaka funguo za kukazia zikawa zinalia, nikapiga, na ikatoka B-flati safi kama kengele. Nikaitundika, nikaenda nyumbani najisifu njia nzima. Asubuhi niliikuta imejikunja. Kifua cha mandolini kilikuwa kimebonyea chini ya daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, ufa umetoka kwenye tundu la sauti hadi ukingoni, na shingo imeinuka kama mtu anayetazama ndege angani. Mandolini ya mama yake Mama Aikande. Nilikaa chini sakafuni kwenye maranda nikalia, sioni haya kuwaambia.

Mzee Nderingo aliporudi aliitazama akamimina chai. Akanywa kikombe kizima.

"Nani alikuambia mbao haichoki?" akauliza.

Nikainama kuokota vipande vya uzi.

"Kosa moja haliachi mke," akasema. "Lakini kesho unapanda mlimani. Na unakwenda na isale."

Mnaotoka mbali mjue: isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unampelekea jani lake, na yeye akishalipokea hawezi kukukataa. Mimi nilijiona mtu wa mjini, na nikamwambia Mzee si ningepeleka tu kilo ya sukari. Akasema, "Sukari ni ya kusalimia."

Nikapanda. Nilimkuta Mama Aikande bandani anawatupia ng'ombe majani. Aliona jani la isale mkononi mwangu kabla hajaona khanga iliyobeba mandolini. Akasimama. Nikapiga magoti, nikalitoa kwa mikono miwili, nikamwambia yote, hata lile "lakini nipo". Akafungua khanga, akapitisha kidole juu ya ufa, polepole, mwanzo hadi mwisho. Nilitamani anipige.

Kisha akalichukua jani.

"Umenifunga mdomo, Manka," akasema. "Nilikuwa na maneno mengi sana."

Akanikaribisha ndani, akanipa mtori, supu yetu ya ndizi, akanitazama nikila. Nilipomaliza akauliza, "Haya. Sasa niambie nitapigaje siku ya mavuno."

Niliteremka mlima ule na swali lake. Kumtengenezea mandolini kulituchukua mimi na Mzee wiki mbili nzima. Tulifungua mgongo, tukanyanyua kifua taratibu kwa unyevu na uzito, tukatia gundi, tukaweka ubavu mpya wa kukibeba kwa ndani. Mzee hakunigusia tena kosa langu, ila kila nilipoanza kuharakisha alikohoa. Siku tuliporudisha nyuzi kwenye sauti zake za kawaida, akaniambia jambo ambalo angeniambia tangu mwanzo kama ningesubiri arudi.

"Nyuzi ziache zilivyo. Fupisha shingo."

Ujanani mwake aliwahi kupiga gitaa kwenye bendi ya dansi kule Arusha. Mwimbaji alipotaka kupanda, wao walichukua penseli, wakailaza juu ya nyuzi, wakaifunga kwa mpira. Ndiyo kapo hiyo. Ni kidole kirefu kisichochoka. Kinabana nyuzi zote kwa pamoja, shingo inakuwa fupi, sauti inapanda, na vidole vyako vinaendelea kwenda njia zile zile vinazozijua. Ukiifunga kwenye chumba cha tatu cha shingo, yaani nafasi ya tatu kati ya vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo, G inakuwa B-flati, na nyuzi zinazolia wazi zinaendelea kulia wazi, ila zinalia kutoka juu zaidi. Kwa Mama Aikande hiyo ilikuwa sawa na kurudishiwa vidole.

Nilikimbilia penseli. Haikufaa. Gitaa lina nyuzi moja moja. Mandolini ina mapacha. Mpira ulivuta pembeni, penseli ikaviringika, pacha mmoja akabanwa kuliko mwenzake, na kila jozi ikagombana kama mawifi. Tukaazima kapo ya gitaa kwa mpigaji mmoja wa hotelini. Ilikuwa pana na nzito, ikabana kwa nguvu kama inadai kitu, na nyuzi zote zikapanda kupita kiasi. Hapo nikajifunza jambo ambalo ninyi wenye kapo za springi bado hamlijui: kapo inayobana sana ni mbaya kuliko isiyobana. Bana mpaka uzi uache kuvuma kama nyuki, basi. Iweke nyuma kabisa ya kile chuma cha shingoni, karibu nacho, isiwe juu yake wala katikati ya chumba. Uifunge ikitoka juu moja kwa moja, usiiburute kando. Halafu sikiliza kila jozi upya, maana hakuna kapo duniani isiyohitaji kurekebisha nyuzi baada yake. Na ukimaliza kupiga, ifungue. Usikiache chombo kilale nayo.

Mzee akanipa kipande cha mkahawa, kutoka kwenye kisiki cha mkahawa mzee uliong'olewa kihambani kwake. Mkahawa ni mti mgumu na mlaini kwa pamoja. Unachongeka vizuri na haukatiki ovyo. Bandu bandu huisha gogo. Nilichonga siku tatu, nikatia ngozi nyembamba ya kiatu kwa chini, nikafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli kwa nyuma. Ilipendeza kiasi kwamba nilimwonyesha mpaka muuza nyanya.

Ilibaki wiki moja. Nikapanda nayo hadi chumba cha mazoezi, Mama Aikande akaifunga kwenye chumba cha tatu cha shingo, akina mama wakakaa, Mwalimu Elifuraha akaja kusikiliza akiwa amekunja mikono. Mama akapiga wimbo wa mavuno. Ulikuwa uleule, noti zilezile, lakini mama mmoja akashika khanga mdomoni. Wimbo wa kushukuru kwa ndizi na mahindi ulikuwa umegeuka wa msiba.

Nilijua kosa kabla sijasogea. Nilipima upana wa shingo kule juu kwenye kichwa, ambako ni nyembamba, na kapo ilikuwa inafungwa chumba cha tatu, ambako shingo imeshapanuka. Kapo ilikuwa fupi kwa upana wa jozi moja. Jozi tatu zilipanda, na ile nene ya chini ilibaki nje, ikilia palepale pake pa zamani, ikinguruma chini ya wimbo wote kwa huzuni ya namna ambayo sijawahi kuisikia.

"Hiyo siyo B-flati," Mwalimu Elifuraha akasema kwa sauti ndogo.

"Naomba nisamehewe," nikasema. "Nipeni, nikaichome moto. Nitatengeneza nyingine."

Lakini Mama Aikande hakunipa. Alipiga tena, polepole zaidi, amefumba macho, akaiachia ile jozi ya chini iwe ndefu. Alipomaliza akafungua mpira, akaifunga kapo kwenye pembe ya kitenge chake.

"Nyingine tengeneza," akasema. "Hii usinidai."

Niliteremka, nikachonga nyingine siku mbili bila kulala vizuri, safari hii nikapima pale pale itakapokaa, mara tatu, Mzee akikohoa. Nikatengeneza na nyingine tano kwa wenzake.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mikungu ya ndizi hadi madhabahuni, kuku wakilia ndani ya matenga, na kondoo mmoja akichangia kila sala. Tarumbeta wakasimama kulia, akina mama sita wakakaa kushoto. Mwalimu Elifuraha akatoa sauti ya kuanzia. Mama Aikande akagusa nyuzi zake mara moja, akaitikia kwa kichwa, na wakaanza. Wakapatana! Tarumbeta zilipanda kifua mbele, na juu yake mandolini zikamwagika kama mvua ya kwanza juu ya bati, na vidole viwili vile vikatembea njia zake za siku zote kana kwamba havikuhamishwa. Ubeti wa pili Mwalimu Elifuraha aliwaashiria vijana wake wapunguze, ili mama asikike. Mzee Nderingo alikuwa kando yangu, na alipiga makofi kanisani, yeye ambaye hata harusini hapigi. Mandolini hazikupumzika mwaka ule. Hazijapumzika hadi leo. Mkipanda Old Moshi Jumamosi mtazisikia, na kapo zao nyingi ni za mkahawa bado.

Ile fupi sikuiona tena kwa miaka mingi. Nilidhani imepotea, na sikuuliza, nani anauliza habari za kosa lake?

Nikaiona siku tuliyomzika Mzee Nderingo. Alizikwa kihambani kwake, katikati ya migomba, hatua chache kutoka pale kisiki cha mkahawa kilipokuwa. Mimi nilikuwa nakisikia kikohozi chake moyoni kila nilipomwona mtu akiharakisha. Tarumbeta walijipanga pembeni ya kaburi. Mama Aikande, mzee sasa, aliletewa kiti, akapakata mandolini ile yenye kovu la ufa. Akafungua pembe ya kitenge. Nikakitambua kile kipande cha mti kabla hajakitoa chote. Akakifunga kwenye chumba cha tatu cha shingo.

Mwalimu Elifuraha alimwinamia, kwa heshima, tarumbeta iko tayari mkononi. "Ufunguo gani, Mama, tukufuate?"

"Huu hauna jina," Mama Aikande akasema. "Subirini."

Wakashusha tarumbeta zote. Akapiga. Kwa vidole viwili, jozi tatu zikapanda na ile nene ikabaki chini inanguruma, na huzuni ile niliyoisikia mara moja kwenye mazoezi, nikaomba niichome, ikawatoa machozi watu waliokuwa wamejizuia tangu asubuhi. Nililia kuliko wote. Niliwahi kulia kwenye maranda, na sasa namlilia mwalimu wangu, na kilichomlilia vizuri kuliko mimi ni kosa langu.

Alipomaliza akaufungua mpira, akanyoosha mkono, akaniwekea kapo kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Aika, mae," akaniambia. Asante, mama. Mimi niliyemvunjia mandolini.